Fundi wa majokofu na viyoyozi: Hati nne za kudai kabla ya kazi kuanza

KATA ya Keza wilayani Ngara, mkoani Kagera, iko katika nchi ya vilima yenye ubaridi, na ni wachache huko wanaohitaji kiyoyozi ili wapate usingizi. Hata hivyo, mahali popote penye umeme jokofu halikosi kazi: kwenye duka la vinywaji, kwenye bucha na, muhimu kuliko yote, kwenye zahanati, ambako chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Jokofu likifungwa vibaya, hasara haiishii kwenye mashine peke yake.

Kwa sababu hiyo, swali la nani anaruhusiwa kufunga mitambo ya kupoza na kupasha joto, na nani atalipa mambo yakiharibika, linamhusu mkazi wa Keza sawa na mwenye hoteli jijini Dar es Salaam. Kwa Tanzania Bara, jibu halimo katika karatasi moja. Limo katika hati nne ambazo wateja wengi huzichanganya: cheti cha ujuzi, leseni ya biashara, usajili wa ukandarasi na bima.

Cheti cha ujuzi ni cha mtu, si cha kampuni. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya majokofu na viyoyozi, na upo pia utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunza kazini bila kupitia chuoni.

Umuhimu wa cheti hicho umeongezeka kwa sababu gesi zenyewe zinabadilika. Gesi ya R-22, iliyotumika kwa miaka mingi katika viyoyozi, inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya kundi la gesi hiyo kwa asilimia 35 ifikapo 2020 na asilimia 67.5 ifikapo 2025, ikilinganishwa na wastani wa 2009 na 2010. Gesi zilizochukua nafasi yake nazo ziliwekewa ukomo kwa marekebisho yaliyopitishwa Oktoba 15, 2016 mjini Kigali, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo kutoka Ngara. Baadhi ya gesi mbadala, kama R-290 na R-600a, hushika moto. Fundi anayejaza gesi ya namna hiyo katika mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya R-22 anaweza kusababisha moto ndani ya nyumba ya mteja wake.

Hati ya pili ni leseni ya biashara, inayotolewa chini ya sheria ya mwaka 1972. Kwa biashara nyingi ndogo mtoaji wake ni halmashauri. Leseni hiyo huonyesha kwamba mhusika anafanya biashara kihalali. Haithibitishi kwamba anajua kupima mgandamizo wa gesi. Namba ya mlipakodi nayo ni hivyo hivyo.

Ya tatu ni usajili wa ukandarasi. Sheria Namba 17 ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), ambayo huwasajili makandarasi katika makundi ya majengo, ujenzi wa barabara na miundombinu, umeme, mitambo na kazi maalumu. Ndani ya kila kundi yapo madaraja, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi. Kwa hiyo kuona cheti cha CRB hakutoshi. Lazima kisomwe kundi, daraja na mwaka wa ada iliyolipwa. Kampuni iliyosajiliwa kujenga nyumba haipati kwa usajili huo ruhusa ya kufunga mfumo wa viyoyozi.

Aidha, fundi anayevuta waya mpya kutoka kwenye swichi kuu ameingia katika kazi ya umeme, ambayo leseni yake hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008.

Hati ya nne ni bima, na hapo ndipo wengi hukosea. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015 kwa sheria ya mwaka 2008, huwabana waajiri wote wa Tanzania Bara. Mfuko huo hulipa mfanyakazi anapoumia au kuugua kwa sababu ya kazi, na wategemezi wake anapofariki. Haulipi dari la mteja lililoanguka wala dawa zilizoharibika. Kwa hasara hizo mkandarasi anahitaji bima ya dhima kwa watu wengine, na kwa kazi kubwa, bima ya hatari zote za mkandarasi. Kampuni iliyotoa bima iwe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), na hati isomwe jina, tarehe, kiwango cha juu cha malipo na mambo yasiyofidiwa.

Jimbo la California nchini Marekani limeyakusanya mambo hayo mahali pamoja. Mkandarasi wa viyoyozi huko hupewa leseni ya kundi C-20, huweka dhamana ya dola 25,000, na tangu 2023 hulazimika kuwa na bima ya fidia kwa wafanyakazi hata kama hana mwajiriwa. Mteja huyahakiki yote kwa bodi moja.

Tanzania uhakiki umegawanyika katika taasisi kadhaa, hivyo mzigo humwangukia mwenye kazi. Vijijini mzigo huo huwa mzito zaidi, kwa kuwa miradi mingi ya zahanati na shule imejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo kamati huajiri mafundi wa kawaida bila mkandarasi. Hapo hakuna kampuni ya kudaiwa, na fundi anayejitegemea akianguka kutoka kwenye ngazi anaweza kujikuta nje ya fidia ya WCF, iliyojengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa.

Si kila kazi inahitaji hati zote. Fundi wa kutengeneza friji la dukani si lazima awe mkandarasi. Lakini hata kwake mteja anaweza kudai cheti cha ujuzi, leseni ya biashara na mapatano ya maandishi yanayotaja aina ya gesi, muda wa dhamana ya kazi na nani atabeba hasara. Nakala za hati hizo zitunzwe na mwenye kazi mwenyewe, kwa kuwa ndizo atakazoulizwa siku ya madai.