Kuteleza, kujikwaa na kukosa: maneno yasiyo sawa

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Mto Ruvuma hadi visiwa vya Quirimbas, Kiswahili huishi kwa ujirani na Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kireno, lugha rasmi ya Msumbiji. Tangu mashambulizi ya Oktoba 2017 mjini Mocímboa da Praia, wengi wamehama makwao na kulazimika kujieleza kwa wageni. Hapo maneno ya kosa yahitaji kupimwa.

Kuteleza ni mguu kukosa mshiko, kama juu ya mwamba wenye mwani maji yakupwapo. Kujikwaa ni kugonga mguu kwenye jiwe au kisiki. Kupepesuka ni kuyumba kwa udhaifu au ulevi. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Lakini walionya pia: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Kukosea ni kufanya jambo isivyo sahihi, mara nyingi bila kukusudia. Kupotoka ni kuiacha njia ya haki. Kukosa kuna maana mbili: kutopata kitu na kutenda kosa. Asemaye “nimekosa” tu, akimaanisha hakupata hati, aweza kudhaniwa amekiri hatia. Kireno nacho kina mtego huohuo, kwani neno falta ni upungufu na pia ni kosa.

Dawa yake ni kukitaja kitu chenyewe: “nimekosa hati” haina utata.