Ndege za Kwanza za Shirika la Afrika Mashariki

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza safari Januari 1946, likimilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, zote zikiwa chini ya utawala wa Uingereza wakati huo. Ndege zake za kwanza zilikuwa Dragon Rapide sita. Zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, injini mbili za propela, na mwili wa mbao na kitambaa. Kila moja ilibeba abiria wanane hivi, na mizigo yao ilibidi iwe michache.

Udogo huo ulikuwa na faida yake. Dragon Rapide iliweza kutua kwenye kiwanja cha nyasi, jambo lililohitajika sana pwani, ambako Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam ziliunganishwa kituo kwa kituo. Upande wa bara, Nairobi iliunganishwa na Kisumu na Entebbe. Barua zilisafiri pamoja na abiria, ambao wengi wao walikuwa maofisa, walowezi na wafanyabiashara. Mkulima wa kawaida aliiona ndege angani tu.

Baadaye zilikuja Lodestar, kisha Dakota, zilizodumu miaka mingi katika njia za ndani. Safari za London zilipata ndege za jeti aina ya Comet mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966.

Nchi wanachama zilipogombania madeni, shirika lilivunjika mwanzoni mwa 1977. Mwaka huohuo Kenya na Tanzania zilianzisha mashirika yao.