Mafumbo ya Masasi na Newala

Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa havijazimika vyema na misheni ya Masasi ikiwa imekwisha kuteketezwa, Mjerumani Karl Weule alishuka Lindi, akapanda bara hadi Masasi na Newala, akiwa na mashine ya kunasia sauti, akanasa nyimbo za wenyeji. Lakini mashindano ya mafumbo hayaingii vyema katika chombo cha namna ile, kwa kuwa nusu ya utamu wake ni kimya cha mtu anayetafuta jibu mbele ya hadhara inayomsubiri ashindwe.

Aliyezama zaidi katika maudhui haya ni mmisionari Lyndon Harries, aliyefanya kazi katika dayosisi ya Masasi, na ambaye mwaka 1942 alichapisha katika jarida African Studies makala juu ya vitendawili vya Wamakua, na nyingine juu ya nyimbo-fumbo za jandoni kwao. Kutokana na maelezo kama hayo ni dhahiri kwamba fumbo katika nchi hii halikuwa upuuzi wa watoto wanaongojea chakula kiive: liliimbwa, maana yake ikasitirika, mwari akafundishwa jibu na wakubwa zake, na baadaye aliyelijua jibu akatambulikana kuwa mwenzao, na asiyelijua akahesabiwa mgeni hata akiwa na mvi.

Kitendawili cha Waswahili kina hukumu nyepesi zaidi, japo nacho hakikosi ukali. Mmoja husema, “Kitendawili!”, wenziwe wakaitikia, “Tega!”, na wakishindwa hudaiwa mji, na mtegaji aghalabu huukataa mji mdogo, akadai mwingine, mpaka apewe wa kumridhisha, ndipo afumbue. Watu wanaopigania kwa bidii namna hii miji wasiyoimiliki wamestahili, naona, heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Kadhalika kulikuwa na kinyume, mchezo wa kuitanguliza silabi ya mwisho, ambao kwa kanuni yake Masasi ni Simasa na Newala ni Lanewa. Edward Steere aliweka mifano yake katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870, naye ndiye askofu aliyewaongoza watumwa waliokombolewa kutoka Unguja mpaka Masasi mwaka 1876. Wala sitastaajabu nikiambiwa kwamba njiani walikuwamo waliopunguza uchovu kwa mchezo huo.

Tangu mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo likawapa malenga uwanja mwingine: mmoja alifumba kwa beti, na mwenziwe wa wilaya ya mbali akajibu kwa bahari na vina vile vile, hivi kwamba shindano lililokuwa likiamuliwa kwa pumzi moja kando ya moto likajifunza kungojea posta.

Shule, kwa upande wake, ilivihifadhi vitendawili na kuviua kwa wakati mmoja, kwani kitabu kinachoandika “nyumba yangu haina mlango” na kando yake “yai” kimemnyang'anya mtoto kushindwa kwake, na bila kushindwa hakuna mji wa kutoa. Basi wewe msomaji wa Masasi au Newala, ukiwa na bibi au babu azijuaye nyimbo-fumbo zisizo za siri, mwandikie maneno yake, na pamoja na maneno andika nani alitega, nani alijibu, na aliyeshindwa alitozwa nini.