Kadi ya michoro, kadi isiyoenea mfukoni

Mpwa wangu aliponiagiza Kariakoo nimnunulie "kadi ya gemu", nilivaa shati lenye mfuko kifuani nikaona yatosha. Kadi ninazozijua mimi huenea humo: ya harusi, ya kliniki, ya gari, ya chama. Muuzaji akanishushia kitu kama tofali, kina feni mbili na urefu unaopita sentimita ishirini. "Ndiyo hii, mzee wangu."

Tangu siku hiyo nina ugomvi na neno hili. Lilipoanza halikuwa na kosa. Zamani kadi za kompyuta zilikuwa kweli vibao bapa vya kuchomeka kwenye ubao mama. Kibao kimenenepa, jina limebaki jembamba. Na nasaba yake ni ya wembamba mtupu: kadi, karata na karatasi ni ndugu watatu walioingia Kiswahili kwa milango mitatu, Kiingereza, Kireno na Kiarabu, na babu yao ni neno moja la Kigiriki lililotaja jani la mafunjo la kuandikia. Sasa mjukuu wa mafunjo ana mafeni.

Ugomvi wa pili ni wa neno linalofuata. Wapo wasemao kadi ya picha, wengine kadi ya video. Mafundi wenyewe husema grafiksi kadi na maisha yanaendelea. Mimi niko upande wa kadi ya michoro. Picha ni kitu kilichokwisha kupigwa, unakitoa kwenye albamu. Ndani ya gemu hakuna picha iliyowekwa akiba ikimngoja mchezaji. Akigeuka kushoto, ukuta, kivuli na adui aliyejibanza vyote vichorwe upya, papo hapo. Prosesa hueleza nini kiko wapi, kadi huyageuza maelezo hayo kuwa pembetatu, kisha huzipaka rangi nukta kwa nukta. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Ichore mara 60 kwa sekunde, utapata nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Hiyo ni kazi ya mkono, na kitenzi chake ni kuchora.

Hapo ndipo penye haja ya istilahi nyingine, kichakataji michoro. Mwaka 1999 kampuni ya NVIDIA ilipotoa GeForce 256 iliivumisha kwa jina la GPU, yaani kichakataji michoro kwa Kiingereza, na tangu hapo watu huita kadi nzima GPU. Tusiwafuate. Kichakataji michoro ni kile kipande cha silikoni kinachochora. Kadi ni nyumba yake pamoja na kumbukumbu, feni na matundu ya kuchomekea skrini. Tofauti hii ina faida mfukoni. Prosesa nyingi zina kichakataji michoro kidogo ndani yake, bila kadi yoyote. Kwa hiyo skrini ikiwa nyeusi, zima mashine, chomoa kadi, peleka waya wa skrini kwenye tundu la ubao mama, kisha uwashe. Picha ikitokea, unajua mgonjwa ni nani. Prosesa ikiwa haina kichakataji hicho, jaribio halisemi kitu.

Mpwa wangu alishafanya hivyo. Kadi yake ya zamani ilikuwa imekufa kweli, nami nilikuwa karibu kulipia tofali. Nilimpigia simu kwanza.

"Mjomba, pawa saplai yangu ndogo hiyo!"

Mashine yake ni mtumba wa ofisini. Kadi hupata umeme kupitia tundu la ubao mama, na kawaida tundu hilo halitoi zaidi ya wati 75. RX 580, ambayo ndiyo niliyokuwa nimeishika, imepangiwa wati 185, kwa hiyo inadai waya wake kutoka pawa saplai. Mashine nyingi za ofisini hazina waya huo kabisa. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya 2019 zimepangiwa wati 75, ingawa watengenezaji wengine huziongezea tundu la waya. Tazama ubavuni kabla ya kutoa hela. Tena pima nafasi ndani ya kesi kwa rula, urefu na unene, maana jina "kadi" halitakuonya.

Muuzaji yeye alikuwa kwenye GB. "Hii ina nane, ile nne tu." Kumbukumbu ya kadi ni upana wa meza ya mchoraji. Ikijaa, gemu linakwamakwama, hilo kweli. Lakini meza pana haiharakishi mkono: RTX 3060 ya GB 12 hushindwa mbio na RTX 4060 ya GB 8 katika magemu mengi.

Nilichukua GTX 1650 isiyo na tundu la waya, iliyotumika. Kwa kuwa kuna kadi kuukuu zinazobandikwa jina jipya ndani ya programu yake ili kompyuta idanganyike, nilimwomba muuzaji aichomeke kwanza kwenye mashine yake na kufungua GPU-Z, programu inayoweza kuzitambua nyingi za namna hiyo. Alinuna kidogo, akafanya. Ilikuwa halali. Mfukoni haikuenea, nilipanda daladala nimeipakata.