Kimo cha Farasi na Dhiraa ya Usui

Katika nchi ya Murusagamba, upande wa kusini wa Ngara, ng'ombe husifiwa kwa pembe zake, tena pembe za ng'ombe wa huko ni za kusifika kweli. Ama farasi, hana sifa wala dosari, kwa kuwa hakupata kukaa. Mbung'o wa mapori ya Biharamulo, wachukuao nagana, na masafa marefu kutoka pwani, vilimfungia njia. Msafiri Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, mmojawapo hidaya ya Sayyid Barghash wa Unguja, na wote wawili walimfia Kingaru, hata mji wa Simbamwenni hajafika.

Hata hivyo elimu ya kumpima mnyama huyu ina udugu na jambo ambalo wazee wa Usui, nchi iliyogawanyika leo baina ya Ngara na Biharamulo, walilijua barabara. Farasi hupimwa kwa viganja. Husimamishwa mahali palipo sawa, miguu ya mbele imenyooka wima, kichwa kimetulia; kisha fimbo yenye alama husimamishwa kando yake, na kipande cha kukingama huteremshwa hata kiguse kilele cha mabega, pale shingo inapokwisha na mgongo kuanza. Kichwa hakitumiki, maana hupanda na kushuka kwa hamu ya mnyama, na mabega hayana uhuru huo. Lakini wako wajanja ambao, ili farasi wao ahesabiwe poni, humzoesha kujikunyata kila aionapo fimbo.

Kiganja kilichokusudiwa ni upana wa mkono pamoja na kidole gumba, na kwa kuwa mikono ya wanadamu haikuumbwa sawa, Waingereza walilazimika kukifunga kwa sheria: amri ya Mfalme Henry wa Nane ya mwaka 1540, iliyokataza madume ya farasi wafupi kuliko viganja 15 kuachwa katika malisho ya umma ya baadhi ya majimbo, ilikihesabu kiganja kuwa inchi 4. Inchi zinazobaki huandikwa baada ya nukta, na hapa wageni wa hesabu hii hupotea: 14.2 ni viganja 14 na inchi 2, wala si viganja 14 na sehemu mbili za kumi, na baada ya 14.3 hufuata 15. Hiyo 14.2 ndiyo mpaka mashuhuri baina ya poni na farasi. Farasi wengi wa Kiarabu, licha ya fahari yao yote, hukaa karibu mno na mpaka huo.

Sasa turejee Usui. Wasafiri Speke na Grant kutoka Uingereza walipofika huko mwishoni mwa mwaka 1861, Mtemi Suwarora aliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, ya nguo, shanga na masango, kama alivyozoea kuwatoza Waarabu wa misafara; na nguo hizo zilihesabiwa kwa mkono, dhiraa 4 kuwa shuka moja na dhiraa 8 kuwa doti, dhiraa yenyewe ikianzia kiwiko na kuishia ncha ya kidole. Ni dhahiri kwamba mpokeaji angependa mkono mrefu na mtoaji mfupi, na kwa maoni yangu ugomvi huu ndio uleule uliomfanya Mfalme Henry akifunge kiganja kwa inchi. Tofauti ni kwamba katika njia ya Usui hapakuwa na sheria moja iliyomfunga mtemi na mfanyabiashara pamoja, kwa hiyo kipimo kilikuwa sehemu ya mapatano, na mapatano yenyewe yaliweza kuchukua siku nyingi, msafara umekaa kitako ukila posho yake.

Leo nguo madukani huuzwa kwa mita, na dhiraa imebaki kwa wachache. Kiganja hakijaondoka: Uingereza na Marekani hadi sasa humtaja farasi kwa viganja, na shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi ndilo litumialo sentimita, likiuweka mpaka wa poni kuwa 148 akiwa hana viatu, na 149 akiwa navyo.