Viza ya Ziara Fupi Tanzania

Viza ya ziara fupi ni idhini anayopewa raia wa kigeni kuingia Tanzania kwa muda usiozidi siku 90. Huombwa kwa ajili ya utalii, kutembelea ndugu, matibabu, mkutano, shughuli fupi ya kibiashara au kupita kwenda nchi nyingine. Hutolewa na Idara ya Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mkoa wa Manyara haupakani na nchi yoyote, kwa hiyo mgeni anayefika Babati, makao makuu ya mkoa huo, huwa ameshapokelewa kwingine, mara nyingi Namanga au Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Masharti aliyogongewa huko kwenye pasipoti ndiyo yanayomwongoza hadi siku ya kuondoka.

Msingi wa sheria

Uhamiaji ni jambo la Muungano, hivyo viza moja inatosha kwa Tanzania Bara na Zanzibar. Sheria inayotumika ni Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, Sura ya 54, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1972. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Ajira za wageni zina sheria yake ya mwaka 2015.

Viza na ruhusa ya kukaa ni vitu viwili. Viza humpa msafiri haki ya kufika mpakani na kuomba kuingia. Ofisa uhamiaji wa kituo ndiye anayeamua kama ataingia na atakaa siku ngapi. Ofisa anaweza kumhoji mgeni kuhusu mwenyeji wake, mahali atakapolala, fedha za kujikimu na tiketi ya kurudi. Siku zilizoandikwa kwenye muhuri ndizo zinazohesabiwa, hata kama viza yenyewe inaonyesha muda mrefu zaidi.

Aina za viza na ada

Viza ya kawaida ndiyo inayoombwa na wageni walio wengi. Ada yake ni dola 50 za Marekani, huruhusu kuingia mara moja, na muda wake wa juu ni siku 90. Inahusu utalii, mapumziko, matibabu na kutembelea jamaa na marafiki.

Viza ya kuingia mara nyingi hudumu hadi miezi 12 na ada yake ni dola 100, lakini mwenye nayo hapaswi kukaa zaidi ya siku 90 kwa kila safari. Raia wa Marekani hutakiwa kulipa dola 100 kwa viza ya aina hii hata kama anakuja mara moja tu.

Viza ya biashara ni dola 250. Hupewa mtu anayekuja kwa kazi mahsusi ya muda mfupi isiyozidi siku 90, kama fundi wa kufunga mitambo kiwandani, mkaguzi wa hesabu au mtaalamu wa mafunzo. Anayekuja kutazama uwekezaji tu na kurudi kwao hawekwi kundi moja na anayekuja kushika kazi kwa mikono yake.

Viza ya mapito ni dola 30 na haizidi siku 7. Wanadiplomasia na wasafiri wa kiserikali hupewa viza bila malipo.

Wasiohitaji viza

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wamo katika nafasi bora kuliko wageni wengine wote. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imewapa haki ya kuingia bila viza na kupewa pasi ya mgeni ya hadi miezi sita bila malipo. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 kuruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikujiunga na mpango huo. Mkenya anayevuka Namanga bado anahitaji pasipoti au hati nyingine ya safari inayotambuliwa. Vilevile, viza ya pamoja ya utalii ya dola 100 inayotolewa na nchi hizo tatu haimwingizi mtalii Tanzania.

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) na baadhi ya nchi za Jumuiya ya Madola pia hawalipi viza. Waingereza, Wakanada na Wahindi, ambao nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola, hawamo katika msamaha huo.

Maombi

Mfumo wa Uhamiaji Mtandao ulizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 31 Januari 2018, ukianzia na pasipoti ya kielektroniki. Maombi ya viza kwa mtandao yalifuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Mwombaji hujaza fomu kwenye tovuti rasmi ya Uhamiaji, huambatisha picha ya pasipoti, ukurasa wa taarifa wa pasipoti na tiketi, kisha hulipa kwa kadi ya benki. Akikubaliwa hutumiwa hati ya idhini kwa barua pepe, naye huichapisha na kuionyesha mpakani. Zipo tovuti za watu binafsi zinazofanana na ile ya serikali na kutoza ada kubwa zaidi, hivyo anwani inapaswa kukaguliwa kabla ya kulipa.

Viza ya kawaida hupatikana pia mgeni anapowasili katika viwanja vikubwa vya ndege na vituo vikuu vya mpakani. Njia hiyo haiwahusu raia wa nchi ambazo maombi yao lazima yapate kibali cha Kamishna Jenerali wa Uhamiaji kabla ya safari, zikiwamo Afghanistan, Chad na Mali, pamoja na wakimbizi na watu wasio na uraia. Kwao maombi huchukua muda mrefu zaidi, na kufika bila kibali ni sawa na kurudishwa.

Pasipoti ya kila mgeni inapaswa kuwa na uhai wa miezi sita au zaidi.

Afya, bima na mizigo

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudaiwa kwa msafiri mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyesubiri ndege katika nchi hiyo kwa zaidi ya saa 12. Kenya ni mojawapo. Mtalii wa Ulaya aliyekaa Nairobi siku mbili kabla ya kuja Hifadhi ya Taifa ya Tarangire hujikuta chini ya sharti hilo, ingawa kwao hakuna homa ya manjano. Masharti ya vipimo vya UVIKO-19 yameshaondolewa.

Zanzibar inamtaka kila mgeni wa kigeni kununua bima ya safari ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na hairuhusiwi kuingizwa nchini.

Madhumuni ya ziara

Mgeni huweza kuwa ndani ya siku zake 90 na bado akawa amevunja sheria, kwa sababu viza hufungamana na shughuli iliyotajwa katika maombi. Hapa ndipo wageni wengi wema, na wenyeji wao, hukosea.

Utafiti ni mfano wa kwanza. Mtafiti wa kigeni hutakiwa kupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kisha kibali cha ukaazi daraja C. Viza ya utalii haimpi ruhusa ya kukusanya takwimu vijijini, hata kama mtendaji wa kijiji amempokea kwa furaha.

Kujitolea ni mfano wa pili. Mwanafunzi wa udaktari anayefanya mazoezi wodini, au kijana anayefundisha shule ya msingi bila mshahara, anahesabiwa kuwa anafanya kazi. Taasisi inayomwalika ndiyo inayopaswa kuanza kumtafutia idhini inayostahili kabla hajapanda ndege.

Biashara imewekewa mipaka mipya. Amri iliyotangazwa na Wizara ya Viwanda na Biashara Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo rejareja, huduma za fedha kwa simu, ukarabati wa simu, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Amri hiyo inaigusa Manyara kwa karibu sana. Babati ni eneo kubwa la kilimo cha mbaazi, zao ambalo soko lake kuu ni India, na machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani yako wilayani Simanjiro. Mnunuzi wa kigeni anaweza kununua mzigo kupitia utaratibu wa soko, lakini hawezi kumfuata mkulima wa Magugu au Gallapo shambani kwake akiwa na viza ya matembezi.

Wageni wa Babati

Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, iko kwenye Barabara Kuu ya Kaskazini, takriban kilomita 170 kutoka mjini Arusha. Barabara ya lami ya kilomita 251 kati ya Dodoma na Babati, iliyofunguliwa rasmi Aprili 2018, imeufanya mji kuwa njia ya kawaida ya watu wanaotoka Nairobi kwenda makao makuu ya nchi.

Watalii wengi huishia Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambayo lango lake liko kabla ya kufika Babati. Wachache hushuka hadi mjini kutazama viboko wa Ziwa Babati, kupanda Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, au kuendelea Kolo kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hawa huhitaji viza ya kawaida tu.

Kundi la pili, ambalo kwa Babati ni la zamani na lenye heshima, ni la wanafunzi na wataalamu. Misitu ya Duru-Haitemba, iliyowekwa mikononi mwa vijiji miaka ya 1990, iliwavutia watafiti wa misitu kutoka nchi nyingi. Sweden ilifadhili kwa miaka mingi miradi ya matumizi bora ya ardhi wilayani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Södertörn wamekuja kufanya mafunzo ya nyanjani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei, hupokea madaktari na wanafunzi kutoka nje. Wageni wa kundi hili ndio wanaohitaji uangalifu mkubwa zaidi katika kuchagua aina ya kibali.

Nyumba za wageni huandika jina, uraia na namba ya pasipoti ya kila anayelala. Anayefikia nyumbani kwa mtu hutambulishwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Barabara Kuu ya Kaskazini hutumiwa pia na wasafirishaji wa wahamiaji wanaotoka Ethiopia kuelekea Afrika Kusini, na hiyo ni sababu mojawapo ya ukaguzi wa hati njiani. Kumficha au kumsafirisha mtu aliyeingia kinyume cha sheria ni kosa kwa mwenyeji pia.

Wenyeji wanaokwenda Kenya

Mkazi wa Babati anayekwenda Nairobi kwa ziara fupi hahitaji viza wala idhini ya kielektroniki ambayo Kenya iliianzisha Januari 2024 kwa wageni wa nchi nyingine. Anahitaji pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10, au hati ya dharura ya safari. Anaporudi hudaiwa cheti cha homa ya manjano kwa kuwa anatoka Kenya. Kituo cha pamoja cha kutoa huduma mpakani Namanga, kilichozinduliwa tarehe 1 Desemba 2018 na marais Magufuli na Uhuru Kenyatta, huhudumia msafiri kwa nchi zote mbili katika jengo moja.

Kuzidisha muda

Mgeni anayebaki baada ya siku zake kwisha anaweza kutozwa faini, kushtakiwa, kufukuzwa nchini na kuzuiwa kurudi. Mwenye sababu ya kweli, kama ugonjwa, hutakiwa kujieleza kabla muda haujaisha. Kwa walioko Babati na wilaya jirani, mahali pa kujieleza ni Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa wa Manyara, iliyopo Babati mjini.