Nyumba Iko Mtaa Gani? Wanawake wa Unguja na Amani ya Mji



Posa ikishajibiwa na mahari yakishatajwa, mama na mashangazi huwa na swali moja: nyumba iko mtaa gani? Hawaulizi rangi ya kuta. Wanataka kujua kama binti yao ataweza kurudi baada ya magharibi bila ya khofu, kama kuna vibaka, na jirani ni mtu wa namna gani. Leo tumeona tulipeleke swali hilo kwenye historia ya mji wetu.

Tuanze mbali kidogo. Katika Sahih ya Bukhari, Adiy bin Hatim (r.a.) amesimulia kuwa alikuwa kwa Mtume (s.a.w.) alipokuja mtu kulalamikia wanyang'anyi wa njiani. Mtume akambashiria Adiy kwamba, akijaaliwa umri, atamuona mwanamke akisafiri kutoka Hira mpaka akatufu Al-Kaaba, hana anayemuogopa ila Allah. Adiy, aliyekuwa mtu wa kabila la Tayy, alijiuliza moyoni: na wale majambazi wa kwetu watakuwa wamekwenda wapi? Akaishi, na akayaona. Tuangalie kipimo chenyewe: hakutajwa mfanyabiashara wala askari. Amani ya nchi ilipimwa kwa mwanamke aliye njiani.

Basi tuupime Mji Mkongwe kwa kipimo hicho.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, na kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Ameeleza kuwa mabibi wa daraja lake walitembeleana usiku. Taa kubwa zilitangulia, watumwa wenye silaha wakafuata, na bibi akapita katikati na wenziwe, amejistiri. Ni picha nzuri, lakini tusiishie kwenye uzuri wake. Usalama wa bibi ulibebwa na mikono ya watu wasiokuwa huru. Na yule kijakazi akitumwa peke yake usiku, nani alimshikia taa? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya mwaka 1897 ikaondoa utumwa kisheria, lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Mji mmoja, usiku mmoja, na wanawake wa aina mbili.

Wengi waliopata uhuru walijenga maisha yao Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililokuwa likiutenga Mji Mkongwe. Huko ndiko alikoishi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, na miongoni mwa nyimbo zake ni ule wa Kijiti. Bibi zetu wengi waliujua. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyetolewa matembezi ya usiku na akauliwa. Muuaji alikimbilia bara. Waliobaki mbele ya hakimu wa kikoloni ni wanawake wawili waliokuwa na marehemu, na kwa mujibu wa wimbo, hao mashahidi ndio walioadhibiwa.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yetu. Mwanamke mwengine wa Ng'ambo aliyeyaona yale, angethubutu tena kwenda kusema? Daftari la polisi huandika kilichoripotiwa tu. Mtaa unaweza kuonekana safi kwenye hesabu kwa sababu watu wake wamefunga midomo. Siti na wenziwe waliifanya kesi ile isisahaulike, lakini wimbo hauwezi kumkamata mtu.

Pamoja na hayo, mitaa yetu ilikuwa na ulinzi wake. Baraza za mawe nje ya nyumba ziliwekwa wazee, wauza kahawa na wacheza bao. Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo huwezi kumpita mtu bila ya kutoleana salamu. Mgeni alijulikana kabla hajafika kona ya pili, na mtoto aliulizwa na kila mtu mzima anakwenda wapi. Ndani, nyuma ya dirisha, mama naye alikuwa akiona. Macho hayo yalisengenya pia, hatukatai, lakini mwizi aliyaogopa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na majumba yakagawiwa familia nyingi. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika Urithi wa Dunia, na nyumba nyingi zimekuwa hoteli. Riziki imepatikana, alhamdulillah. Lakini baraza iliyokuwa ya wakaazi ikikaliwa na wageni wa siku tatu, hakuna anayejua mtoto huyu ni wa nani. Kamera hurekodi, ila haimuulizi mtu hali.

Na liko jambo tulilolirithi ambalo halijaondoka: muhali. Mwana wa jirani amefanya udhalilishaji, lakini baba yake tunasali naye, tunaona muhali kumpeleka mbele. Ndugu kamfanyia ndugu, tunamalizana nyumbani. Tunaiita sitara. Dada zetu, sitara ni kumfunika mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Kumficha anayedhuru watoto na wanawake ni kusaidia dhulma, na Qur'ani imetukataza kuficha ushahidi. Mtume (s.a.w.) naye ametufunza kuwa asiyesalimika jirani na shari yake, imani yake ina kasoro kubwa.

Kwa hiyo wewe bibi harusi unayehamia mtaa mpya, siku za fungate zikimalizika, toka ukatoe salamu. Peleka sahani ya vileja kwa jirani wa kulia, wa kushoto na wa mbele. Mjue sheha wako na uweke namba yake. Jua dawati la jinsia la polisi liko kituo gani. Na siku jirani yako atakapogonga mlango analia, mfungulie, msikilize, na kama atahitaji shahidi, usimwache aende mahkamani peke yake.

Mashahidi wawili wa Ng'ambo hawakupata wa kusimama nao. Sisi tunaweza kusimama. Mama zetu watakapouliza tena nyumba iko mtaa gani, tuwe na jibu la kuwaambia: mtaa wenye watu.

Allah aijaalie mitaa yetu amani, na atujaalie sisi tuwe amani kwa jirani zetu. Aamin.